Wimbo wa Kufukuza Mukwe

Batoto ba batoto bangu banasema: Kambo, andika mambo ya zamani, lakini andika yenye inafurahisha. Sawa. Hii njo inanifurahisha minyi: kuna muntu alininyanganya gita yangu, na nilimulipizia. Hata leo nikikumbuka namna nilimulipizia, chai yangu inakuwa na sukari.

Majina yote niko nayo mu kichwa. Yake, ya bibi yake, ya batoto bake, hata ya mbwa wake mwenye masikio ya kukatwa. Ku masomo nilikaa kidogo tu. Masista balinifunza kuandika na kushona, kiisha baba akasema shamba inaningoja. Muntu mwenye hakusoma sana, kichwa yake njo kabati yake. Lakini jina hata moja sitaliandika hapa. Jina ni kintu ya heshima, na ule muntu simupi heshima, hata kwa wino.

Gita yangu ilitengenezwa na yomba, kaka ya mama yangu. Tumbo yake ilikuwa bidoni ya mafuta ya kupikia, shingo yake muti ya mulombwa, ile nyekundu yenye mududu hakuli, na waya zake balizichomoa mu frein, breki ya kinga ya baba, ni kusema baiskeli yake. Baba alishuka na ile kinga bila frein mpaka siku alipoingia mu shamba ya karanga ya jirani, na hakukasirika. Alisema: gita ikilia vizuri, minyi niko tayari kuanguka.

Yomba alinifunza kupiga na bidole bibili tu. Kidole gumba inatembea chini, polepole, sawa muzee na fimbo yake. Kidole ya pili inaruka juu sawa mutoto wa mbuzi. Ukisikia bibili pamoja, utasema bantu batatu banapiga. Kiisha kunifunza, yomba akafa, na hakukuwa tena muntu mu jamaa yetu mwenye kujua kutengeneza gita ingine. Wakati niliolewa Kamina mu cité, mitaa ya mji, nilikuja na sufuria, na bikwembe, na ile gita. Sufuria zilitoboka. Gita ilibaki.

Tulikuwa banamuke batatu mu avenyu yetu. Minyi na gita, jirani wa kushoto na chupa ya bia na kijiko, jirani wa kuume na kopo ya mahindi kavu ya kutikisa. Tukirudi kutoka ku shamba, mbele ya kuwasha makala ya bukari, ugali yetu, tunakaa chini ya ukuta wenye kivuli na tunapiga. Hatukupiga juu ya kazi wala juu ya sifa. Tulipiga juu roho ilipenda. Banaume bakipita banatuchokoza.

“Ee mama, bukari inapikwa na gita siku hizi?”

“Bukari inapikwa na moto, tata. Gita ni chumvi yake. Weye kula ya bibi yako isiyo na chumvi.”

Bwana yangu alikuwa anafanya kazi ya reli. Yeye hakunikataza. Alisema tu: “Mama batoto, ile gita siku moja utaileta mpaka ku kitanda.”

“Kitanda ni kidogo, baba batoto. Weye utalala chini.”

Ilikuwa miaka ya Zaïre. Kila muntu aliitwa sitwayeni, mwananchi, na kila kartyé, kila mutaa, ilikuwa na kundi ya animasyo, banamuke ba kucheza na kuimba masifu ya bakubwa. Mukubwa wa animasyo ya kartyé yetu alikuwa kaporali mumoja. Jamaa yake haikupata nafasi ku baze, kambi ya jeshi, basi alipanga nyumba mu avenyu yetu. Alitoka mbali, chini kabisa ya muto mukubwa, ngambo ingine ya inchi. Alisema Lingala, Swahili yake ilichechemea, Kiluba yetu kwake ilikuwa kelele ya kuku. Na hakutaka kuijua. Ukimusalimia mu Kiluba anasema: “Sema luga ya bantu.”

Alikuwa anatutoa mu mashamba wakati wa kupalilia, wakati majani inakunyanganya mahindi ukiangalia, na tunacheza mu jua ya saa sita. Fimbo yake mu mukono. Mwenye kuchelewa anapiga magoti mu muchanga ya moto mpaka yeye achoke. Tunapojibu tunasema “Eyo vidye,” vile balubakat, bantu ba Kiluba, banajibu shefu, na yeye anafurahi. Hakujua kama tunavuta ile “vidye” kwa pua, sawa bantu bananusa samaki ya Bukama yenye ilikawia mu treni.

Siku moja alinisikia napiga. Akaja na uso mupya, uso ya kuosha.

“Mama, mbote. Bidole yako iko na mashetani. Nifunze.”

Nilimupa kiti. Nitasema kweli: alikuwa na bidole bizuri. Kidole gumba yake ilitembea bila kulewa. Alikuja mara mingi, na nilimufunza nyimbo za yomba, na majirani bangu balimupigia chupa na kopo. Bwana yangu alinung'unika tu, lakini minyi nilisema: muntu mwenye anapenda gita hawezi kuwa mubaya mwili muzima.

Kiisha akaja siku na bantu babili ba chama, na hakukaa ku kiti.

“Sitwayeni, ile gita inaitwa ku kazi ya taifa.”

“Itarudi lini, kaporali?”

“Kiisha fêti.”

Fêti, ile sikukuu, ilipita. Ingine ikapita. Nikasikia kama alipaka gita rangi ya kijani, bidoni na shingo na yote, sawa mulango ya biro. Nikafunga kikwembe yangu muzuri, nikaenda ku uwanja wenye kundi ilikuwa inajifunza; minyi balinipa ruhusa ya kutocheza juu ya mutoto wa kunyonya. Nilimukuta amekaa ku kivuli, gita ku goti, banamuke mu jua.

Nikasema: “Kaporali, nimekuja kuchukua kintu yangu.”

“Kintu gani?”

“Gita ya yomba yangu.”

Aliangalia bale banamuke, akacheka mbele ili nabo bacheke.

“Munasikia? Mwanamuke na gita, wapi na wapi! Mama, mwanamuke hawezi gita. Ile bidole yako ni ya kumenya mihogo. Hii gita nilitengeneza minyi. Na nyimbo zake nilitunga minyi mwenyewe, na hii kichwa yangu. Enda nyumbani, noki noki, haraka, bwana yako iko na njaa.”

Bamoja balicheka juu ya woga wa muchanga ya moto. Siwakasirikii. Nilirudi nyumbani, na sikulia. Nilikaa chini nikamenya mihogo. Kila muhogo niliita jina ya kaporali, kiisha nikamumenya. Jioni ile jirani bangu balikuja na chupa na kopo, na tukakaa chini ya ukuta sawa bantu ba kilio. Wa chupa akasema: “Yaya, achilia Mungu.” Nikamujibu: “Mungu iko na kazi mingi. Hii nitamusaidia.”

Mbele ya kuendelea lazima nieleze kintu kimoja, juu bantu ba leo banasahau. Kwetu mukwe, muntu mwenye alioa mutoto wenu, ni mugeni mwenye heshima. Mama mukwe wake hamuangalii usoni. Akimuona njiani anafunika kichwa na kikwembe na anapita pembeni. Lakini mukwe akikuwa mubaya, akipiga mutoto wenu, ao akimuacha na kufata mwengine, siku inafika banamuke ba jamaa banachoka. Banabeba mukeka yake, banaiweka inje jua ikiwa juu, ili bantu bote baone. Kiisha banachukua lungo zao za kupepetea unga, banazipiga na mikono, na banaimba wimbo moja tu: Mukwe, umeshiba. Mukeka yako iko inje. Jua ingali juu, njia ndiyo ile.

Na mu Kiluba, namna sauti inapanda na kushuka njo neno yenyewe. Si lazima kinywa. Ukipiga ile wimbo juu ya waya tu, mwanamuke yeyote kutoka Kabongo mpaka Bukama anasikia maneno yote, na mukono yake inatafuta lungo. Yomba yangu aliiweka ku gita juu ya kuchekesha mama. Nilikuwa naijua, lakini kaporali sikumufunza ile. Ni wimbo ya nyumba.

Sasa habari ikaja kama mukubwa mumoja wa Lubumbashi atafika Kamina. Alikuwa mutoto wa Kabongo, na zamani alioa binti wa hapa kwetu. Kamina nzima ilimuita mukwe wetu. Lakini ule binti alikuwa amerudi ku mama yake na masanduku, juu bwana yake alipata mwengine kule mu mji mukubwa, mutoto mudogo wa kisigino kirefu. Mambo hii banamuke bote ba soko balijua. Kaporali hakujua. Ilisemwa mu luga ya kuku.

Alihitaji wimbo mupya. Zile za yomba kundi ilizipiga mpaka zikaisha utamu, na yeye kutunga hakuweza, hata kidogo. Basi akaja kwangu tena na ule uso ya kuosha, na gita yangu ya kijani chini ya kwapa.

“Mama na ngai, mama yangu. Tusahau maneno. Nipe wimbo moja, kali, ya kufaa mugeni. Fêti ikiisha, gita inarudi. Naapa.”

Nilikuwa naangalia zile waya. Alizikaza vibaya, sauti yake ilikuwa sawa mbuzi mwenye koo ya kuuma. Nikasema ndani ya roho: umekuja mwenyewe, na miguu yako.

“Iko moja,” nikasema. “Ya zamani. Mu kartyé hakuna mwenye anaipiga ku gita.”

“Ni wimbo ya nini?”

“Ya kusindikiza mukwe.”

“Mukwe!” Alipiga goti yake. “Na mugeni banasema ni mukwe yenu!”

“Njo vile, kaporali. Itamuingia sana.”

Sikumudanganya hata kidogo. Nilimufunza vizuri kuliko nyimbo zote. Akikosea nilimurudisha: hapana, pale sauti inashuka, pandisha tena, rudia. Nilitaka kila neno isikike. Akaweka juu yake maneno yake ya Lingala ya kusifu, na akaenda anapiga muluzi.

Kesho yake akawapigia banamuke ba kundi. Nilielezwa na wa chupa, mwenye alikuwa mu mustari wa mbele. Kusikia tu mwanzo, mama mumoja wa kutoka kwetu alikohoa sawa amemeza mwiba. Bengine baliangaliana. Bibi za basoda, askari ba kutoka mbali, balicheza tu, bao hawakujua kintu. Kaporali akauliza: “Nini? Hamupendi?”

Nafikiri kila mumoja alikuwa anakumbuka muchanga ya moto ku magoti. Kiisha ule mwenye alikohoa akasema, kwa sauti ya misa: “Kaporali, wimbo ni muzuri sana. Unaweza kurudia?”

“Munaona!” akasema. “Leo njo munapenda kazi!”

“Eyo vidye!” bote pamoja. Na siku zenye zilifuata hakuna mwanamuke alichelewa.

Bwana yangu alisikia ile wimbo akitoka ku reli. Aliingia nyumbani hajavua kofia.

“Mama batoto. Kaporali iko anapiga nini pale?”

“Anasema alitunga yeye mwenyewe.”

“Bakija kutufunga?”

“Batafunga mutungaji.”

Alikaa. Aliangalia mulango. Nikaona mabega yake inatikisika, na nikafikiri ni woga, lakini alikuwa anacheka ndani ya kofia.

Siku ya fêti uwanja ya mupira ilijaa. Mugeni alikaa ku kiti ya kitambaa, abakosti yake, koti ya bakubwa ba Zaïre, imenyooka, anajipepea na pepeo ya majani. Kando yake komiseri, mukubwa wa serikali mu Kamina. Minyi nilisimama na bantu ba soko, mutoto ku mugongo, beseni ya mihogo ku kichwa. Kaporali alikamata mikro na kusema, Kamina nzima ikisikia: “Wimbo yenye inafuata, nilitunga minyi mwenyewe, na kichwa yangu, kwa heshima ya mukwe wa Kamina!”

Nilisema polepole: ongeza tena. Na akaongeza! Akarudia mu Lingala.

Kiisha akapiga. Mungu wangu, alipiga vizuri. Kidole gumba inatembea, kidole ya pili inaruka, na mikro inachukua ile sauti na kuitupa mpaka ku gare ya treni. Bibi za basoda baliimba masifu. Banamuke ba kwetu baliimba nabo kwa kinywa, lakini mikono yao ilikuwa inaiga kukunja mukeka na kuiweka inje, kunja, weka inje, mustari nzima sawasawa. Nyuma yangu mama mumoja wa kuuza unga akapiga lungo yake, mara moja, sawa amejisahau. Mwengine akapiga. Kiisha soko yote.

Mugeni alianza kwa kutabasamu. Pepeo yake ikaenda polepole. Ikasimama. Mu bantu mule, mama mukwe wake alikuwa amesimama, muzee mukonda, amefunika kichwa vile desturi inaomba. Nilimuona anashika kikwembe yake, anaishusha ku mabega, na anaangalia mukwe wake mu macho, kwa muda murefu. Muntu mukubwa na abakosti yake aliangalia chini, ku viatu.

Bantu balicheka. Kwanza kwa pua, kiisha kwa tumbo. Na kaporali, akisikia furaha ile, akaongeza nguvu! Akarudia tangu mwanzo.

Komiseri alisimama mwenyewe na kukata mikro. Alimuita kaporali mbele, karibu na pale nilikuwa.

“Nani alitunga hii wimbo?”

“Minyi, sitwayeni komiseri. Minyi mwenyewe.”

“Unajua inasema nini?”

Akamuelezea mu sikio. Nikaona damu inahama uso ya ule muntu, mpaka midomo ikabaki sawa majivu. Akageuka, akanitafuta, akanionyesha na kidole.

“Ni ule! Ule mama njo alinifunza!”

Komiseri akaniangalia. Mutoto ku mugongo, mihogo ku kichwa. Nilirekebisha beseni tu.

Wa chupa akapaza sauti kutoka mu mustari: “Lakini kaporali, si ulituambia mwanamuke hawezi gita?”

“Eyo!” bengine bakajibu. “Bidole yetu ni ya kumenya mihogo!”

“Na sasa hivi ulisema ku mikro ni kichwa yako,” komiseri akasema. “Tulisikia bote. Mara mbili.”

Alifungiwa siku kidogo. Ku animasyo balimutoa. Kiisha bakamutuma ku posti ya mbali, upande wa Kabondo-Dianda, kwenye barabara ni mashimo yenye imeshikana mikono. Bantu banasema nilipaswa kumuhurumia. Nilihurumia kinga ya baba.

Gita yangu ilikuwa ingali kwake. Siku ya safari nilienda pale lori inapakia, na jirani bangu babili nyuma yangu. Kaporali alikuwa juu ya magunia, bila fimbo. Bibi yake amekaa kando, mama wa kuuza beniye, maandazi, ku soko, mwenye hakusema sana. Mukono wake ulikuwa unalinda gita isivunjike na masanduku.

“Kaporali,” nikasema, “fêti iliisha.”

Bibi yake aliinua gita na kunishushia mu mikono, na yeye hakumukataza. Shofere alikuwa anangojea bantu bengine. Nikakaa chini pale pale, mu vumbi, nikafungua waya moja moja na kuzikaza tena vile yomba alinionyesha. Sikufanya haraka. Kaporali alikuwa anaangalia.

Mwishoni akasema, na sauti ya chini: “Mama. Komiseri aliniambia nusu tu. Ile wimbo inasema nini yote?”

“Uulize bibi yako. Anauza nasi ku soko.”

Nikapiga. Kidole gumba, kidole ya pili. Ule mama hakuniangalia. Aliinama ku sikio ya bwana yake, na kila pale waya ilisema, yeye alifasiria: mukwe, umeshiba. Mukeka yako iko inje. Aliijua yote, mpaka mwisho, na Kiluba yake ilikuwa safi kuliko ya batoto bangu.

Kaporali alimugeukia polepole.

“Ulikuwa unajua? Tangu siku tulijifunza ile wimbo?”

Bibi yake alifunika kichwa na kikwembe juu ya vumbi, shofere alikuwa amewasha mashini.

“Ulisema ni luga ya kuku,” akamujibu. “Sikutaka kukusumbua.”